Mashine Iliyosema Imepokelewa

Ni mimi niliyeifundisha kompyuta ya Bunda kusema uongo. Naanza na hilo ili mtu asinitangulie, maana hapa kwetu Butiama habari zangu husimuliwa na kila mtu isipokuwa mimi, na wote wana mkono mzito wa chumvi.

Mjomba wangu ana chumba cha kutengeneza redio Bunda, na likizo mimi hushinda kwake. Tangu biashara iachiwe huru, kila mwenye lori amegeuka kampuni. Mmoja wao, tunamwita Bosi, hununua maziwa vijijini na kuyapeleka Musoma. Bosi alimwagiza mjomba amtengenezee foleni ya ujumbe: kompyuta tatu, moja Butiama, moja Bunda, moja ofisini kwake Musoma, zikiongea kwa waya wa simu. Kikundi cha akina mama kikiwa na maziwa, katibu wao anaandika "gari lije kesho". Ujumbe unaenda Bunda, unapanga mstari na wenzake mpaka simu ya Musoma ifunguke, ndipo unapita. Kikundi kisichoita, gari haliendi. Na Bosi alishasema: kikundi kitakachomharibia hesabu ya gari, hata mara moja, anakifuta.

Katibu wa kikundi cha Butiama ni mama yangu.

Programu tuliiandika wawili, mjomba akifikiri, mimi nikichapa na kuharibu. Ilikuwa inatambaa. Kila ujumbe ukifika, mashine iliuandika kwanza kwenye diski, krrr, krrr, kisha ndipo ikajibu IMEPOKELEWA. Bosi akaja kuipima, saa mkononi.

"Kuna jamaa wa Mwanza, yake inaruka," alisema. "Hii yenu inatembea kama ina mimba. Mura, mnanitia aibu."

Mjomba alipotoka kwenda sokoni, nikahamisha mstari mmoja tu wa programu: jibu kwanza, diski baadaye, ikipata nafasi. Nikaijaribu kwa jumbe zangu mwenyewe. "Beberu la mwalimu mkuu linaomba uhamisho." "Ng'ombe wa jirani leo hakamuliwi, ana wageni." Zilitoka kama kumbikumbi baada ya mvua. Bosi alitazama saa yake, akacheka mpaka tumbo likatingishika, akaagiza soda na kuniita injinia mbele ya watu.

Mjomba aliporudi akasoma kwenye skrini, uso ukambadilika. "Na umeme ukikatika? Ujumbe ambao haujafika kwenye diski unakufa nao."

"Kwani unakatika mara ngapi?" Bosi akauliza.

"Bosi, Bunda umeme haukatikagi," nikadakia. "Huwa unakuja kutusalimia, halafu unarudi kwao."

Tulicheka wote. Bosi akafuta machozi, akasema, "Iache hivyo hivyo. Mtu asiiguse." Mjomba akanyamaza kwa kuwa hakuwa na mteja mwingine wa kompyuta. Mimi nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa na chupa mdomoni. Nina hasira na sisi wote watatu, ila huyo wa chupa ningempata ningemzaba kofi.

Programu ikafungwa kwenye kompyuta zote tatu, Bosi akiwa na tai. Mama akajifunza vitufe kwa kidole kimoja. Mambo yakaenda vizuri wiki kadhaa, jambo ambalo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu watu wakaanza kuiamini.

Jioni ya mwisho ya likizo umeme wa Bunda ukakatika. Uliporudi, mashine ikaamka na foleni nyeupe, haina kitu. Nikajiambia labda hakuna aliyetuma. Nilijua ni upuuzi, lakini nilijiambia hivyo hivyo nikaenda kula.

Asubuhi nikapanda gari la mzigo kurudi nyumbani. Niliwakuta akina mama kando ya barabara na madumu yao, jua limeshapanda. Maziwa yalikuwa yameanza kukatika. Mtu atasema wangegandisha. Vibuyu vya nyumba moja havimezi maziwa ya kijiji kizima.

Bosi akapigiwa simu, akafika baadaye na gari lake dogo. Hakuzima hata injini.

"Foleni ilikuwa tupu. Hamkuita."

"Niliita," mama akasema. "Iliniandikia imepokelewa."

"Mama, kompyuta haina sababu ya kudanganya. Binadamu ndiye anayo."

Nikaona jinsi wenzake walivyogeuka. Hawakumtazama Bosi, walimtazama yeye. Bibi mmoja, ambaye maziwa yake yalikuwa ya karo ya wajukuu, akauliza polepole, "Katibu, ulikwendaga kweli, ama ulilala?"

Mama alishika kitenge chake kiunoni kama mtu anayekaza mzigo.

Nikasema, "Bosi, mashine inadanganya. Nimeifundisha mimi, na wewe ukasema isiguswe."

Akacheka! Akawageukia akina mama. "Mnamjua huyu? Ndiye wa beberu la mwalimu mkuu. Leo ana kichekesho kingine."

Na wao wakatabasamu, kwa sababu wananijua. Miaka yote nimewachekesha bure, na siku niliyotaka kuaminiwa mara moja tu, sura yangu yenyewe ilinikana. Nikawaambia wanifuate kwenye chumba cha kikundi, kwenye ile mashine yetu, maana programu ni ile ile. Nikamwomba yule bibi aseme neno lolote. Akasema, "Maziwa." Nikang'oa waya wa simu ili lisiende Bunda, nikalichapa. IMEPOKELEWA. Nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikaurudisha, nikaiwasha. Foleni tupu.

"Liko wapi neno langu?" bibi akauliza.

"Limekufa, bibi. Kama la mama jana."

Hakuna aliyecheka. Bibi akamshika mama mkono, akautikisa, hakusema pole.

Bosi, mlangoni, alisema nimechezea mali yake, na gari lake halitakanyaga tena Butiama. Akaondoka. Uongo wa mashine hakuugusia hata kwa neno moja, na mpaka leo vikundi vya Bweri na Nyakato, alivyovifungia baadaye, vinaitumia ilivyo, krrr hakuna, inaruka.

Akina mama wakatoka mmoja mmoja. Nikabaki na mama. Nilimsimulia yote, na soda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Nilivyokuwa nimesimama pale barabarani, nilianza kujiuliza mwenyewe kama kweli niliituma. Hiyo sitakusamehe leo. Chukua ndoo, yale madumu yote ni ya kwako kuosha, na ukimaliza unifundishe hiyo programu inaandikwaje."