Somo la Moyo kwa Msusi

Msusi hagusi simu yake kwa vidole vyenye mafuta; mteja ndiye huishika, na video za masomo ya bure ya biolojia huwaingia wote wawili.

“Simamisha hapo, shoga. Rudisha kidogo.”

Msusi hurudia maneno ya mwalimu wa kwenye video kwa sauti ya chini, msuko baada ya msuko. Jumatatu anaurudia mtihani uliomnyima chuo cha uuguzi.

“Na ubibi wote huo?” mteja wa leo alimtania.

“Mjukuu wangu anaanza chekechea. Tutapishana mlangoni.”

Kichwa kilipokwisha, alimpa mteja kioo. Mteja hakukipokea; macho yalikuwa kwenye simu, mwalimu akieleza mzunguko wa damu.

“Ngoja kwanza, mama. Damu bado haijarudi moyoni.”

Msusi akavuta kigoda, akaketi kando yake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.