Mzee Mnara Achagua Darubini

Fomu ilikaa chini ya kopo la sukari miezi mitatu, ikapata alama ya duara ya kikombe cha chai, na bado hakuna kisanduku hata kimoja kilichotiwa tiki. Ilikuwa fomu ya zawadi. Kampuni ya misitu ilizoea kumpa kila mlinzi wa mnara anayestaafu darubini ya macho mawili, yake mwenyewe, si ya kuazima stoo, na mstaafu ndiye huchagua rangi, mkanda, mfuko na maneno ya kuchongwa. Mzee Mnara, kama walivyomwita kazini hadi mkewe naye akaiga, alikaa juu ya mnara ule miaka ishirini na saba akitafuta moshi. Alistaafu mwisho wa mwezi. Wiki tatu baadaye mkewe akaugua siku mbili, ya tatu akafariki.

Tangu hapo Mzee hakuwa mgonjwa, hakuwa analia, hakuwa chochote. Akiulizwa chai au uji, alijibu, "Chochote." Akiulizwa dirisha lifunguliwe au lifungwe, "Sawa tu." Mara mbili jirani aliingia akakuta sufuria tupu ikiungua jikoni, na mwenyewe amekaa hatua mbili tu kutoka jikoni, anaitazama.

"Mlinzi wa moto, jamani!" jirani alisema alipomsimulia binti mkubwa wa Mzee, mshonaji wa mapazia aliyeishi mtaa wa pili. Alitaka kucheka, ikamshinda.

Binti akampigia simu mdogo wake wa kiume, dereva wa lori, aliyekuwa akiishi mbali, ghorofa ya nne.

"Dada, tumchukue," mdogo mtu akasema. "Jumamosi naja na gari, nambeba na kitanda chake."

"Unambeba kama friji?"

"Wewe fanya mzaha. Siku nyumba ikiwaka tutaongea lugha moja."

Walivutana, mwisho wakakubaliana. Ijumaa dada angempeleka baba kwa fundi wa darubini. Akichagua mwenyewe, kwa akili zake, abaki nyumbani kwake. Akishindwa, lori lije.

Binti hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alimwambia baba yake kweupe: "Baba, kesho ukimwambia fundi 'chochote', Jumamosi unahamia kwa mwanao ghorofani."

Mzee akaifikiria ghorofa. Hakutaka kwenda. Alilijua hilo kama anavyojua nambari ya nyumba yake, bila moyo kushtuka.

"Sitaki kwenda," alisema.

"Basi chagua."

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, na meza iliyotandikwa blanketi la kijivu ili skrubu zisibingirike. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani.

"Karibu mzee wangu! Nilidhani umenisusa. Wenzako wa mwaka huu nimeshawamaliza wote. Mmoja kataka ya rangi ya dhahabu, utadhani anaolewa."

Mzee akaketi. Fundi akamwaga vipande vya mfano juu ya blanketi, kila kimoja ukubwa wa kiberiti.

"Tuanze na gamba la nje. Ngozi au mpira?"

Neno lile lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi. Binti akakohoa.

"Mpira," Mzee akasema.

"Kwa nini mpira, baba?"

"Ngozi ikilowa inateleza."

"Rangi?" fundi akauliza.

Mzee akasogeza kando kipande chekundu, kisha cha bluu, kisha cheusi kinachong'aa. Mkono ukabaki juu ya kijivu kilichofifia. "Hiki. Kinachong'aa kinakurudishia jua machoni."

Alijibu kama mtu anayesoma daftari la mwenzake. Yalikuwa maneno ya kweli, ila hayakumgusa. Binti aliyasikiliza moja moja, kama anayehesabu mishono.

"Mkanda. Huu mpana unapumzisha shingo. Huu mwembamba mfupi ndio mliozoea mnarani."

"Mfupi. Mrefu unagongagonga kwenye reli za ngazi."

"Ngazi gani tena, mzee wangu?"

Mzee akautazama mkanda mkononi mwake kwa muda. "Kweli," akasema. "Basi mpana."

Fundi akatia tiki. Vifuniko vya lenzi, Mzee alichagua vile vinavyoning'inia, visivyopotea. Mfuko, mgumu. Mguu wa kusimamishia akaukataa.

"Mikono haitetemeki?"

"Haitetemeki."

"Basi tusikutwishe mzigo. Maneno ya kuchonga? Nafasi ni herufi ishirini."

"Acha wazi."

Binti akamtupia fundi jicho la wasiwasi. Je, hiyo si "chochote" iliyovaa nguo nyingine?

"Usiniangalie hivyo, mama," fundi akasema. "Kuacha wazi nako kuna kisanduku chake. Hiki hapa. Limebaki moja tu: umbali wa macho, jicho hadi jicho. Kuna alama nyeupe natia kwenye bawaba ya katikati, penye namba, ukifika hapo darubini imekukaa, huhangaiki. Unaujua wako?"

"Hamsini na nane," Mzee akajibu. Asubuhi nzima hakuwa amejibu upesi hivyo.

Fundi akaandika, kisha akainua kichwa, akaiteremsha ile miwani ya pili. "Uso wote huu, milimita hamsini na nane?" Akachukua rula, akampima. "Sitini na sita. Mzee wangu, hiyo uliyonipa ni ya mtu mwenye uso mwembamba. Ya mwanamke."

Mkono wa binti ulikuwa tayari juu ya simu. Mtu asiyejua hata macho yake mwenyewe, angemteteaje?

"Baba, hamsini na nane umeitoa wapi?"

"Ya mama yako."

Akaeleza bila kupandisha wala kushusha sauti. Kila mchana mkewe alipanda mnarani na chakula. Kabla hajakaa, alimpokonya darubini, akaikunja kufuata macho yake, akatazama uani kwao kama kuku wameingia kwenye mchicha. Wakiwa wameingia, aliwatukana kutoka huko juu kana kwamba wanasikia. Kisha akaiacha na kushuka. Mzee alipoishika tena, alikuta bawaba imesimama kwenye hamsini na nane.

"Hiyo ndiyo niliyokuwa naisoma," akasema. "Yangu sikuwahi kuisoma. Nilifungua tu mpaka miduara miwili inakuwa mmoja."

Binti alikuwa anafuta machozi kwa kiganja. Mzee alimwona, akajua ni machozi, na kwamba baba mwingine angesema neno. Neno halikuja. Akamsogezea kitambaa cha kufutia lenzi.

"Hicho cha lenzi, mzee!" fundi akasema, lakini hakukichukua. Akakuna shavu kwa kalamu. "Naweza kutia alama mbili. Yako na yake. Ni kazi ya dakika moja."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitu kizito cha chuma, kelele ikapita, ikaisha.

"Moja," akasema. "Sitini na sita. Atakayetazama ni mimi."

Fundi akakata nambari ya kwanza, akaandika ya pili. "Itachukua wiki sita. Ipelekwe wapi?"

Binti akafumba mdomo asimjibie.

"Kwangu," Mzee akasema. "Nyumba ya tatu baada ya tangi la maji, mlango wa kijani. Mchana nipo. Wakija jioni nipo pia."

Binti akatoka mlangoni na simu. "Usije kesho," walimsikia akisema. "Hapana, hajafurahi. Nani kakwambia kafurahi? Kachagua. Kila kitu... Sufuria niachie mimi, jioni nitakuwa napita, tunapika wote."

Fundi akamsogezea Mzee fomu atie saini. Akatia, taratibu, herufi zote zikiwa ndani ya mstari. Alijua kwamba atabaki nyumbani kwake, na kwamba hilo ndilo alilolitaka. Akangoja kidogo, pengine furaha ingefuata. Alichohisi ni kwamba kiti kilikuwa kigumu. Akasimama.