Jiwe la Chumvi

Kabla sijaugua, nilikuwa nakamua ng'ombe wote wa nyumbani na bado nafika soko la Keringet na viazi kabla ya wenzangu. Chelangat, mdogo wangu, aliniita trekta.

Yeye ndiye aliyeanza kuugua. Alikonda, akawa anatapika, akisimama anaona kizunguzungu. Ngozi ikawa nyeusi, hata fizi. Kliniki walisema ni jua. Jua gani, jamani? Keringet tunavaa sweta mwaka mzima. Kitu alichotamani ni chumvi tu. Tulimkuta zizini akilamba jiwe la chumvi la ng'ombe. Baba akamtania, "Wewe Chela, achia ng'ombe kidogo!" Tukacheka, naye akacheka. Baadaye akaanza kutapika na kuhara, na kabla hatujapata gari akatutoka. Tulimzika bila kujua kilichomuua.

Mwaka uliofuata mimi nikaanza kukonda. Mistari ya viganja vyangu ikawa myeusi. Majirani wakanong'ona kuhusu laana. Nilimeza dawa za vidonda vya tumbo, za malaria, za mawazo. Siku niliyojikuta zizini, ulimi wangu kwenye lile jiwe, nilimkumbuka Chela. Nilijua njia ile inaishia wapi.

Baba akanipeleka hospitali kubwa ya Nakuru. Daktari, mama mtu mzima, alinifungua mdomo, akatazama fizi.

"Unatamani chumvi?"

Nililia kabla ya kujibu.

"Nyumbani kuna mwingine alikuwa hivi?"

"Alikuwa, daktari."

Vipimo vya damu vilionyesha tezi zilizo juu ya figo zangu zimeacha kufanya kazi. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, unaitwa Addison. Dawa ni tembe, kila siku, maisha yangu yote.

Nguvu zilirudi. Namshukuru Mungu, na yule mama aliyeuliza. Lakini furaha haikukaa nyumbani kwetu. Baba alichukua tembe moja, akaiweka kiganjani, akaitazama sana.

"Kumbe ni haka tu," akasema. "Chela wangu angemeza haka tu."

Sijawahi kumwona baba akilia vile, hata kaburini.

Nawaomba, mgonjwa wenu akifanya jambo la ajabu, mwambieni daktari, hata kama mnaona aibu. Sisi Chelangat tulimpeleka kliniki mara nyingi, na habari ya chumvi hakuna aliyeitaja. Tulidhani ni ya kuchekea nyumbani.