Babu Aliyekubali Kosa

Nilikwenda polisi kuulizia mbuzi wangu aliyepotea, lakini masikio yangu, mnayajua, yakaenda kwingine. Mzee mmoja wa Marambo alikuwa anaandikwa maelezo. Moto aliowasha kusafishia shamba ulikuwa umeruka ukateketeza mikorosho ya jirani.

“Babu, unakubali kosa?” askari akauliza.

Mzee akavua kofia, akaiweka kifuani. “Nakubali, mwanangu. Kosa langu. Upepo umenigeukia hivihivi naona.”

Askari akaandika, akamsogezea wino. Mzee akaweka kofia mezani, akatia dole gumba.

Mwalimu mstaafu niliyekaa naye benchi akaguna. “Bibi, Kiingereza kina misteki, ya aliyeteleza, na kina ofensi, ya jela. Mzee kasema ile ya kwanza, kaandikiwa ya pili.”

“Sasa si umwambie?”

“Ameshatia dole.”

Wakampeleka ndani. Kofia ikabaki mezani.

Sisi neno letu ni hilo moja, kosa, na tumelelewa kulikubali upesi ili tusamehewe. Jana nimevunja chungu cha mkamwana wangu. Aliponiuliza, nikasema ni paka.