Mwanamkisi apima mashine mbili kwenye mchanga wa Kipungani

Saa kumi na mbili asubuhi, Mwanamkisi Harith amechuchumaa kando ya tairi, nyuma ya kijiji cha Kipungani, akitoa upepo. Anaziba kwa kidole, anaubonyeza mpira kwa goti, kisha anatoa tena kidogo. Kipima upepo hana. Goti linamtosha.

"Likijaa sana lachimba mtanga," anasema bila kuinua macho. "Likilainika, lapita juu yake."

Mwanamkisi, 43, huwaongoza wageni kwa pikipiki za magurudumu manne kwenye njia ya kilomita kumi na moja: mashamba ya minazi, ukingo wa mikoko, hadi vilima vya mchanga na kurudi. Kabla ya hapo alipita njia hiyo hiyo nyuma ya punda kwa miaka kumi na tisa, akisomba mawe na makuti. Kila shimo analijua, na akilisahau, mgongo humkumbusha.

Wiki iliyopita kazi hiyo nusura imponyoke.

Mwajiri wake, Bwana Mahmud Jeilani, mwenye nyumba ya wageni pembeni mwa kijiji, alikuwa amechoka na mashine kuukuu iliyozimika kila kilima. Akaleta mbili mpya kutoka duka moja la Malindi kwa majaribio: moja ibaki, nyingine irudi. Nyekundu ilikuwa na kilo mia tatu na ushei, injini ikisukuma magurudumu yote manne, gia zikijibadilisha zenyewe. Ya buluu ilikuwa na kilo mia na themanini, nguvu yake ikiishia magurudumu ya nyuma, na gia zake za kukanyaga.

Pamoja nazo alikuja Nicodemus, fundi wa duka, mcheshi wa kupindukia. Bwana Mahmud aliipenda nyekundu tangu iliposhushwa, wala hakuficha: ikibaki hiyo, angemwomba Nicodemus abaki nayo, kwani mashine nzito hivyo, kwa maoni yake, ilitaka mwanamume.

"Nilisononeka, nisikudanganye," anasema Mwanamkisi. "Safari moya nalipwa shilingi mia nane. Kwa punda napata nusu yake, na punda ana roho yake, siku nyengine hataki tu."

Hakulia wala hakubembeleza. Aliomba jambo moja: mashine zote mbili zibebe mzigo sawa, ziende hadi kilima cha mwisho, zirudi. Bwana Mahmud akakubali, akapanda nyuma ya Nicodemus ili ajionee.

Nicodemus alifunga kreti yake kwa mipira. Mwanamkisi, mkono ukifuata mazoea, akachukua shogi, ule mfuko wa ukindu wenye matumbo mawili anaotandikwa punda mgongoni. Mikate kulia, maji kushoto, uzito sawasawa. Ilikuwa kazi safi kabisa, isipokuwa punda hana bomba la moshi upande wa kulia.

Katikati ya minazi akasikia harufu ya kuungua. Akamwona Bwana Wazir, mkulima, amesimama shambani mwake, akamkaripia: "Bwana Wazir, zima moto wako, takwisha minazi!"

"Moto ni wako, Bi Mwanamkisi!" mzee akamjibu, akinyoosha kidole. "Angalia nyuma!"

Akaruka, akaitupa shogi chini, akaifukia kwa mchanga. Mikate ya mofa ilikuwa imeokwa mara ya pili, na shogi ilikuwa na tundu la kupitisha kichwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaikunja, akaifunga nyuma ya kiti, akaondoka. Nyekundu ilikuwa imeshapotea machoni.

Aliikuta chini ya kilima cha mwisho, imezama mpaka tumboni. Nicodemus alikuwa ameingia kwa kasi, tairi zimejaa tele, na kila alipokanyaga, ilizidi kujizika. Bwana Mahmud alikuwa akisukuma, kanzu imejaa mchanga hadi shingoni.

"Aki Bi Mwanamkisi, tusaidie," Nicodemus akasema.

Angeweza kupita zake. Badala yake aliegesha ya buluu palipo pagumu, akalainisha tairi za nyekundu kwa kipimo cha goti, akachana shogi iliyoungua vipande viwili, akavitandika chini ya magurudumu. "Taratibu. Usiikanyage kwa hasira." Mashine ikatoka.

Kisha akaomba aiendeshe mwenyewe. Akaipandisha hadi kileleni, mtandio ukipepea, huku akipiga kigelegele.

Aliporudi, Bwana Mahmud akamuuliza, "Haya, wewe ungechagua ipi?"

"Hii nyekundu ni tamu, siisemi vibaya," akamjibu. "Yapanda, haichoshi mkono, yabeba wawili kwa raha. Lakini petroli yanywa karibu mara mbili, nayo huku yaletwa kwa madumu. Ndia ya mikokoni ni nyembamba, hii tavunja miche. Na nikikwama na mgeni, ile ndogo naiinua nyuma peke yangu. Hii mpaka niite kijiji."

Bwana Mahmud akaiendea ya buluu, akashika chuma cha nyuma, akajaribu. Ikainuka. Akakung'uta kanzu yake, akacheka.

"Basi itabaki hii," akasema, "na wewe."

Tangu siku hiyo, Mwanamkisi na wenzake wawili wanasuka shogi mpya: tumbo la kushoto refu, la kulia fupi, lisifike kwenye bomba. Nicodemus ameagiza mbili za kuonyesha dukani.

Leo fundi anaondoka. Gatini, nyekundu imefungwa kamba ndani ya mashua, shogi mbili zikiwa juu ya kiti. Mwanamkisi anaingia majini hadi magotini, anakipangusa kiti cha nyekundu kwa ncha ya leso, na kukipigapiga. Shogi zikiuzika, anasema, kikundi chao kitanunua mashine yao wenyewe kabla ya Ramadhani ya mwakani, inshallah, na wageni wawili wataweza kupanda pamoja.

"Nicodemus," anaita injini ya mashua ikiwaka, "mwambie tajiri wako asiiuze hii kwa haraka. Mwenyewe nimeshaijaribu."