Taa Nyekundu na Mtu Mzima

Songea hakuna treni. Naanza na hilo kwa sababu ndilo aliloanza nalo kila mtu niliyemwambia nimeomba kazi ya udereva wa treni. Reli ya kwetu ipo kwenye hotuba. Tunaahidiwa, tunapiga makofi, tunarudi shambani. Jirani yetu pale Mjimwema, mama anayekaanga maandazi, aliniuliza hiyo treni nitakuwa nailaza wapi. Shangazi yangu alitaka kujua kama usukani wake ni mkubwa kuliko wa malori ya makaa ya mawe. Nikamjibu kwamba sijui, na kweli sikujua. Baadaye ndipo nilipoambiwa kuwa treni haina usukani, reli ndiyo inayokata kona. Nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimeshaanza kujizoeza kuushika.

Wakati huo nilikuwa fundi wa mota za mashine za kusaga. Nilisomea umeme chuoni, nikapata stashahada, nikarudi Songea kusubiri ajira kama wenzangu wote, na katika kusubiri huko nikajikuta nasuka upya nyaya za mota zilizoungua. Msimu wa mahindi zinaungua nyingi. Umeme unapanda na kushuka, mwenye mashine hataki kuzima kwa sababu foleni ni ndefu, mota inatoa harufu, naitwa mimi. Sikuwa na ugomvi na kazi ile. Ila mota ya mashine ya kusaga inazunguka mchana kutwa, na jioni ipo palepale ilipokuwa asubuhi, na mimi ndivyo nilivyokuwa. Niliposoma tangazo kwamba wanatafutwa vijana waliosomea umeme au mitambo, wafundishwe kuendesha treni za umeme, niliitaka kazi ile papo hapo. Mota ni mota, lakini hiyo ilikuwa inakwenda mahali.

Tangazo lilitaka mwombaji asiwe amezidi miaka thelathini. Mimi thelathini nilikuwa naigusa. Nikikosa safari hiyo ningekuwa nimekosa moja kwa moja, maana matangazo ya namna hiyo hayaji kila mvua. Sikumwambia mtu hesabu hiyo isipokuwa mama.

Maombi niliyatuma kutoka duka la fotokopi mjini. Dada wa duka aliandika nafasi ninayoomba, akaacha kuchapa, akanitazama, mwanamke mwenzake, toka kichwani hadi kwenye kandambili, kisha akaendelea. Wakili aliyegonga muhuri kwenye vyeti naye aliuliza, "Treni ipi?" Mtandao ulikatika kila tulipofika ukurasa wa mwisho. Watu husema mvumilivu hula mbivu. Mimi uvumilivu sina, niligombana na ile kompyuta kwa sauti hadi dada akaniomba nikasubiri nje, na nilipotoka tu, maombi yakaingia.

Mama yangu ni mkulima na ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani kwetu. Yeye hakuuliza habari za reli wala usukani. Nilipoitwa kwenye usaili alikwenda parokiani kuniwekea nia ya misa, akanikaangia karanga za njiani, akanisindikiza stendi alfajiri akiwa amevaa kanga yake ya kutokea. Basi lilipita Madaba ukungu ungali chini, tukapita Njombe, na Makambako tukakatiza reli. Nikainuka kwenye siti nione. Hapakuwa na treni, palikuwa na mbuzi wamesimama kwenye mataruma wakitafuna kitu. Abiria mwenzangu aliniuliza kama nimeangusha chochote.

Usaili wa kuandika ulifanyika Dodoma. Ukumbi ulijaa vijana wa nchi nzima na bahasha zao za kaki, wengine wamevaa suti ambazo zilionekana zilishonwa kwa ajili ya kaka mtu. Maswali yalikuwa ya kawaida: umeme, hesabu, na mengine ya ajabu ajabu ya kutazama maumbo na kusema lipi halifanani na wenzake. Nikafaulu. Wakatupima macho, wakatuonyesha vitabu vya madoa ya rangi tusome namba zilizojificha ndani. Wakatupima masikio na presha. Kisha wakatukalisha mbele ya kioo kinachowaka taa, na kazi yako ni kubonyeza kitufe kila ikiwaka ya aina fulani na kutulia ikiwaka nyingine, muda mrefu, hadi mtu anaanza kuchukia taa zote duniani. Hapo waliangushwa wengi waliokuwa wamenizidi akili. Mimi nilibaki. Nilianza kuamini, na hilo ndilo kosa la kwanza la mtu anayetafuta kazi.

Tukabaki kikundi kidogo tukapelekwa kituo cha mafunzo kwa usaili wa vitendo. Asubuhi tulikaa darasani, mwalimu akatufundisha mambo machache tu, akayarudia kama katekista. Taa ya kijani, nenda. Ya njano, jiandae. Nyekundu, simama. Ukishasimama kwenye nyekundu huondoki mpaka taa ibadilike, au mwongozaji wa safari akuruhusu kwa redio, na akikuruhusu umrudishie maneno yake yote kabla hujagusa chochote. "Hakuna mwingine," mwalimu alisema. Tukaitikia wote pamoja kwamba hakuna mwingine. Nililiandika na kulipigia mstari.

Miongoni mwetu alikuwemo kijana mmoja wa Dar es Salaam ambaye sikumpenda tangu alipofungua mdomo. Alibishana na mlinzi getini kuhusu kitambulisho, akabishana na mama wa kantini kuhusu kipande cha nyama, mama ambaye angeweza kumzaa. Mwalimu alipokosea namba ubaoni, kijana alimsahihisha bila hata kuanza na samahani. Kwetu mtu wa namna hiyo tunasema hakufundwa. Nilikaa mbali naye ili nisionekane nimetoka naye pamoja.

Zamu yangu ilifika baada ya chakula cha mchana. Chumba kilikuwa na kiti cha dereva, vishikio vyake na redio yake, na mbele kioo kikubwa chenye picha ya reli inayokimbia ukikimbia na kusimama ukisimama. Nyuma ya kiti hicho alikaa mzee mmoja, mvi tupu, sweta la kijivu juu ya shati. Aliwahi kuwa dereva wa treni miaka mingi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Kwenu wapi?"

"Songea, mzee."

"Wangoni!" Akacheka hadi akakohoa. "Watani zangu hao. Mimi Mnyamwezi. Nikuulize, panya wa kula njiani umekuja naye au mmewamaliza wote?"

"Tumewamaliza, mzee. Wa mwisho tuliwaachia watumwa wetu Tabora."

Akacheka tena, akapiga goti lake kwa kiganja. Sikuwa nimecheka tangu nitoke nyumbani. Mabega yalinishuka, nikahisi nimefika kwa watu. Akanionyesha vishikio kwa upole, akanisogezea kiti, akaniuliza kama naona vizuri. Babu yangu mwenyewe hakuwahi kunijali kiasi hicho.

Nikaondoa treni. Ilikwenda. Ninajua ilikuwa picha, lakini mwili wangu haukujua, na nilifurahi kwa namna ambayo hadi leo siwezi kuisema bila kujionea huruma. Nilipita kijani, nikapita kijani nyingine, nikapunguza mwendo kwenye njano kama tulivyofundishwa. Mbele kabla ya stesheni ikawaka nyekundu. Nikasimama vizuri, bila kutikisa. Mzee akasema safi.

Tukakaa. Taa haikubadilika. Redio ilikuwa kimya. Nikasikia mzee anajisogeza nyuma yangu.

"Hiyo taa mbovu, mwanangu," akasema. "Inasumbua kila siku. Nimeshaongea na watu wa stesheni. Wewe pita tu."

Nataka nieleze kilichotokea kichwani mwangu, kwa sababu nimeulizwa na watu kama nilisahau. Sikusahau. Maneno ya mwalimu yalikuwepo, na mstari wake chini. Lakini mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo mtu mzima akisema lete, unaleta, na swali kama lipo unaliuliza kesho. Mtoto aliyemwambia mkubwa "hapana" alikuwa hajawahi kuonekana ukoo wetu. Hasira zangu zote nilizonazo, nazimalizia kwenye kompyuta na kwenye mota. Mbele ya mvi ninakuwa mtu mwingine. Na huyu alikuwa ameniita mwanangu, na alikuwa mtani, na ilikuwa reli yake kabla ya kuwa yangu. Nilijiambia anajua zaidi.

"Sawa, mzee," nikasema, nikasukuma kishikio.

Treni ilipita taa. Ikaenda kidogo, kisha kioo chote kikawa cheusi. Hakuna mlio, hakuna ajali. Mzee aliwasha taa ya chumbani. Uso wake ulikuwa uleule wa upole, ila kicheko kilikuwa kimeondoka.

"Nani amekuruhusu?"

"Wewe, mzee."

"Mimi nimekaa wapi?"

"Nyuma."

"Redio imesema nini?"

"Haijasema kitu."

"Asante, mama," akasema. "Niitie anayefuata."

Nilikaa nje kwenye benchi. Nilikuwa na hasira, na nilijua namkasirikia nani. Mtu mwenye mvi anamdanganya mtoto wa mwenzake, tena baada ya utani! Kwetu mtu akikutania halafu akakufanyia hivyo, wazee wanakaa kikao. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na sijui nilichovunjika kinaitwaje.

Kijana wa Dar es Salaam alitoka kwenye chumba kile akiwa anatafuna chingamu ya bazoka.

"Na wewe amekuambia upite?" nikamuuliza.

"Ameniambia. Nikamwambia mzee, kama unataka kupita, njoo ukae hapa uendeshe mwenyewe."

"Ulimwambia hivyohivyo?"

"Sasa nimwambieje?"

Jioni walisoma majina ya wanaoendelea. Lake lilikuwemo, langu halikuwemo. Hakuwa na adabu na alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa yote mawili. Mwalimu wa asubuhi alinipa mkono wa pole, akasema nilikuwa na mkono mzuri wa breki. Nikamshukuru, nikamwamkia tena bila sababu.

Nilifika nyumbani kesho yake jua linazama. Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi ya mbegu. Alinitazama usoni akajua, akasogea kwenye mkeka nikae. Tukapukuchua. Baadaye nikamweleza yote kama yalivyokuwa, mzee na utani wake, taa, redio, "wewe pita tu."

Mama aliudhika, ila hakuniudhikia mimi.

"Sasa walitaka umbishie mtu mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Mzee wa mvi? Umwambie hapana, usoni pake?"

"Ndiyo."

"Basi kazi yenyewe haina maana," akasema. "Kazi gani inafundisha watoto wa watu kiburi? Bora wamekuacha. Jumapili nitawaambia jumuiya, mwanangu alikosa kazi kwa sababu ya heshima. Hakuna wa kunicheka."

Na alimaanisha. Alikaa wima akiyasema hayo, kama siku niliyopata cheti cha chuo. Nilipaswa kumwacha hapo. Sijui kwa nini sikumwacha.

"Mwalimu aliniambia mbele ya ile taa palikuwa na treni nyingine, mama. Imesimama stesheni. Ya abiria."

Akageuza gunzi mkononi.

"Ya kweli?"

"Ya picha. Lakini siku ya kazi ingekuwa ya kweli."

"Na huyo mzee alijua ipo?"

"Alijua. Alitaka aone kama nitamkatalia."

Mama aliacha kupukuchua. Macho yakabaki kwenye ungo, na wima ule ukamtoka taratibu. Nilimwona anawaza watu wa ndani ya ile treni, maana ndivyo alivyo, hata waliopata ajali wanaotangazwa redioni huwaombea.

"Kumkatalia mkubwa sikukufundisha," akasema mwishoni. "Hilo kosa langu, basi."

Halikuwa kosa lake. Nilijua kabisa, na neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni, dogo tu, hapana, mama. Nilimtazama, mtu mzima ameshasema. Nikainama, nikachukua hindi jingine.