Kuku wa Sendofu

Mama mkwe wangu alifuga kuku wale kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake wa mwisho kabla ya harusi. Siku mbili kabla ya sherehe vifaranga wakaanza kuhara kinyesi cheupe na kufa, akatuma mtu aniite nyumbani kwake Uru, kwa kuwa nilifanya kazi kwenye maabara ya mifugo mjini Moshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niambie dawa gani ninunue."

Nilimchoma kuku mmoja mkubwa kwenye mshipa wa bawa, nikachanganya tone la damu na kimiminika cha zambarau cha kupimia juu ya kigae cheupe, nikatikisa taratibu. Damu isiyo na kingamwili za salmonela, bakteria wa kuhara, hubaki laini. Hii ilikatika vipunje kama maziwa yaliyochacha. Nikapima mwingine, na mwingine. Vipunje.

"Mdudu amepita hapa," nikamwambia. "Ila damu hainiambii kama bado yumo. Lazima nipime kinyesi chao, nitafute vinasaba vya mdudu mwenyewe. Naomba usichinje kwanza."

"Wachinjaji wanakuja kesho."

"Nisubiri mpaka mchana, mama."

Akarudi kukatakata majani ya ng'ombe.

Usiku huo sampuli za kinyesi zililala kwenye joto maabarani ili bakteria waongezeke. Asubuhi nikaziingiza kwenye mashine inayopasha na kupoza ili kuzidisha vinasaba. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Mlinzi akavuta kamba ya jenereta, ikakohoa, ikazima. Ilipowaka hatimaye, ilibidi nianze upya. Nilisimama pale nikitazama saa ya ukutani, mikono imeloa jasho ndani ya glavu.

Mchana ulikuwa umepita nilipoiweka jeli yenye vinasaba hivyo juu ya taa ya urujuanimno. Njia ya maji matupu, niliyoiweka kwa kulinganisha, haikuwa na kitu, kama ilivyotakiwa. Njia za kuku wa mama ziling'aa, karibu zote: mdudu bado yumo.

Mama hakuwa na simu. Dereva wa ofisi akanipandisha Uru kwa pikapu, nami njia nzima nikimhimiza aongeze mwendo.

Uani nilikuta rundo la kuku walionyonyolewa. Shangazi mmoja alifuta kisu kwenye kanga yake, akavuta beseni la nyanya za kachumbari.

"Acha kisu hicho!" nikapiga kelele.

Shangazi akakiweka chini. Bibi harusi akatoka ndani, nywele zikiwa nusu zimesukwa.

"Nilikusubiri," mama akasema. "Mchana ukapita."

"Umeme ulikatika, mama. Kuku wamekutwa na mdudu."

"Nyama ikiiva sana, mdudu hafi?"

"Anakufa. Lakini damu yao iko kwenye meza, kwenye visu, mikononi mwa watu. Na kachumbari haipikwi."

Akalitazama lile rundo. Bibi harusi akaanza kulia.

"Chimbeni shimo," mama akasema. Kisha akamwambia mume wangu, aliyekuja kusaidia maandalizi, amchinje yule ndama dume aliyemnenepesha zizini. Meza na visu tukavisugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka vidole vikachubuka.

Wageni walikula machalari, ndizi zilizopikwa kwa nyama ya ng'ombe, na hakuna aliyeugua. Mama alicheza nao, lakini hakunitazama hata mara moja.

Kuku waliobaki waliuawa wiki iliyofuata, tukapaka banda chokaa. Nilipopanda tena kumsalimu alikuwa amekaa kibarazani peke yake.

"Kila asubuhi nabeba chakula chao," akasema. "Nafika mlangoni ndipo nakumbuka."

Nikachukua panga, nikaanza kumkatia majani ya ng'ombe, naye akaja kushika upande wa pili wa mzigo.